Treni ya Chini ya Ardhi na Goti la Baba Mkwe

Nina tatizo moja nililozaliwa nalo: nikisema jambo la kweli na mtu asinisadiki, damu inanichemka. Nikitunga uongo ukagunduliwa, nacheka tu, yaishe. Lakini ukweli wangu mtu asiuguse. Marehemu mama alizoea kuwasimulia wageni jinsi nilivyosusa chakula siku nzima nikiwa mdogo, kwa sababu kaka zangu walikataa kwamba nimeona fisi wawili wakipita nyuma ya boma letu mchana kweupe. Tabia hiyo sikuiacha nilipokua, na ndiyo iliyotaka kuninyima mke.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi msaidizi wa ishara na simu za reli pale stesheni ya Shinyanga. Ilikuwa kazi ya waya na mafuta ya taa. Mikono ya ishara, inayomwonyesha dereva wa treni apite au asimame, ilivutwa kwa waya mrefu kutoka kwenye kibanda chetu, na jua la Shinyanga likiwaka sana waya ule ulilegea, ikabidi tutoke na koleo kuukaza. Kila jioni mmoja wetu alipanda nguzo na kandili mkononi. Niliipenda kazi ile, hata harufu yake. Mpaka leo nikisikia mafuta ya taa yamemwagika mahali, nasimama kidogo.

Wakati huo Wachina walikuwa wakijenga reli ya kwenda Zambia, na vijana wa Kitanzania walikuwa wakichaguliwa kwenda kwao kusoma. Jina langu likatoka. Hata Dar es Salaam nilikuwa sijafika. Ila kulikuwa na binti mmoja wa Didia, aliyekuwa akija na mama yake kuuza michembe karibu na stesheni siku za treni ya Mwanza. Wasioijua michembe, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Nilikula michembe mwaka ule mpaka tumbo likaniuma, nikitafuta sababu ya kusimama pale. Tukakubaliana kwamba atanisubiri. Baba yake alipopelekewa habari hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Aende kwanza. Tutaona atarudi mtu wa namna gani."

Nikaenda. Mji wenyewe tulikuwa tukiuita Peking siku hizo. Baridi ya kule siiongelei, maana bado naidai fidia. Kilichonishangaza kuliko baridi ni mabasi. Asubuhi ya kwanza kutoka bwenini niliona basi refu limekunjika katikati, linapita bila moshi, bila mngurumo, linaguna tu kwa chini. Juu ya paa lilikuwa na fito mbili ndefu zilizoegemea nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara, na umeme ulishuka humo. Mimi fundi wa waya nilisimama barabarani mdomo wazi mpaka mwenzangu wa kutoka Mbeya akanivuta koti.

Lile basi tulilipanda kila Jumapili. Likikata kona vibaya, fito ziliruka kutoka kwenye nyaya na basi likafa pale pale, katikati ya baiskeli mamia. Hapo kondakta, dada mwenye nywele za mikia miwili na glavu nyeupe, alishuka bila haraka, akazunguka nyuma, akashika kamba mbili na kuzirudisha fito mahali pake, moja baada ya nyingine. Abiria hawakulalamika. Akirudi ndani anapiga kengele na safari inaendelea. Nilimheshimu sana dada yule, nikajiambia kwamba huyu na mimi ni watu wa kazi moja.

Mwalimu wetu mmoja, mzee mwembamba aliyevuta sigara kama anakula, alikuwa amekulia katika mji ule. Alitusimulia kwamba mabasi yale yalikuja juzi tu. Utotoni mwake palikuwa na tramu, behewa linalopita juu ya reli katikati ya barabara, dereva akikanyaga kengele kwa mguu. Wavuta mikokoteni ya abiria waliichukia kwa sababu iliwalia wateja. Baadaye tramu nayo ikaondolewa, reli zikang'olewa barabarani, nyaya za mabasi zikatandazwa. Alipofika hapo sauti yake ilishuka. Aliipenda tramu yake, na mimi nilimwelewa, maana nilikuwa tayari nakikumbuka kibanda chetu cha Shinyanga.

Kisha siku moja akatupeleka chini.

Mji ule ulikuwa umezungukwa na ukuta wa matofali, mpana kiasi kwamba mkokoteni wa ng'ombe ungepita juu yake. Wakaubomoa upande mmoja, na mahali pa ukuta wakachimba njia ya treni, wakaifunika, barabara ikapita juu. Treni yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa kwa kila mtu. Ulihitaji barua kutoka kazini kwako ndipo uuziwe tiketi. Sisi tulishuka ngazi nyingi tukiwa na mwalimu, na kule chini nikakuta ukumbi mkubwa wenye nguzo za mawe laini, taa zinawaka, pananuka saruji iliyolowa. Mwalimu alituonyesha reli ya tatu, iliyolala pembeni mwa zile mbili. Umeme ulikuwa humo. Treni ikaja, na kabla haijaonekana upepo wake ulitangulia ukatupiga usoni. Ndani palikaa mama mmoja na kikapu cha vitunguu vya majani mapajani, anasinzia. Yuko chini ya ardhi, juu yake kuna mji mzima, na yeye anasinzia! Nilimtazama mama yule kuliko nilivyoitazama mitambo.

Baada ya karibu miaka mitatu nikarudi. Wenzangu wengi walipelekwa reli mpya, mimi nikarudishwa Shinyanga kwenye nyaya zangu na kandili zangu. Binti alikuwa amenisubiri. Siku nilipomwona pale stesheni na sinia lake kichwani nilisahau maneno yote niliyoyapanga, nikamwuliza michembe ni kiasi gani. Akasema, "Kwako imepanda bei." Basi nikajua mambo yako sawa.

Wajumbe wa upande wake walikuja bomani kwetu kuwatazama ng'ombe wa mahari, ndivyo desturi yetu Wasukuma ilivyo, na baba yake akaja nao. Kwa ng'ombe hakuamini macho ya mtu mwingine. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayesema kidogo. Sasa, desturi ni kwamba muoaji siku hiyo anakaa kimya. Mshenga ndiye anayesema. Muoaji anatazama chini, akiulizwa anaitikia, basi. Ng'ombe wakatazamwa, wakakubaliwa. Ugali ukaliwa kwa nyama. Mambo yalikuwa yamekwisha kabisa.

Ndipo mjomba wake binti, mtu wa maskhara, akaniuliza, "Haya, mkwe, huko Uchina umeona nini?"

Ningesema nimeona watu wengi, tukaendelea. Lakini nilikuwa na miaka mitatu ya maneno tumboni. Nikawaeleza basi la umeme. Nikasema lina pembe mbili, na pembe zikiachia waya linasimama. Wakacheka kwa raha, mjomba akauliza kama wapo madume na majike. Mshenga akanikata jicho ninyamaze. Sikunyamaza, kichwa kilikuwa kimevimba. Nikaingia kwenye treni. Nikasema inapita chini ya ardhi, watu wanashuka na vikapu vya mboga, wanasinzia humo, kisha wanatokea upande wa pili wa mji wakiwa wanacheka.

Kicheko kikakatika. Nilidhani wamestaajabu, nikaongeza chumvi ya mikono. Kumbe kila mtu pale alijua jambo nisilolijua mimi. Mdogo wake yule mzee, aliyemfuata ziwa, alifukiwa katika shimo la almasi pale Maganzo. Udongo ulimfunika akiwa anachimba, na hawakumpata. Hana kaburi. Mzee alikuwepo juu ya shimo siku ile, ameshika kamba.

Akainuka akachukua fimbo yake. "Mdogo wangu aliingia ardhini, hakutoka," alisema. "Huyu ananiambia watu wanaingia na vikapu vya mboga, wanatoka wanacheka. Ama ni mwongo, ama ananidhihaki. Binti yangu simpi mtu wa namna hiyo."

Ningeomba radhi hapo, labda. Badala yake damu ikanichemka. Nikasema, "Baba, mimi si mwongo. Nimeona kwa macho yangu." Kwa hasira. Mbele ya wazee. Mshenga akaziba uso kwa mkono. Wakaondoka, na ng'ombe wakabaki kwetu, na baba yangu hakunisemesha wiki mbili.

Nilituma watu mara tatu. Jibu likawa lile lile. Binti akaniambia, tukiwa tumesimama nyuma ya ghala la pamba, kwamba kuna mkulima wa Kishapu ameanza kuulizia. Akasema, "Mwambie ulikosea. Mwambie ilikuwa hadithi tu." Nikamwambia siwezi kusema sikuona nilichokiona. Akanitazama sana. "Basi endelea kuona," akasema, akaenda zake. Nilikonda. Ukweli wangu nilikuwa nao mzima, na mke nilikuwa namkosa.

Mjini palikuwa na madaktari wa Kichina wakati ule, wanatibu kwa sindano nyembamba. Siku moja wakanifuata stesheni. Mkalimani wao alikuwa amesafiri, nao walisikia kuna fundi wa reli anayejua Kichina. Nikaomba ruhusa nikaenda. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye lafudhi ya mbali iliyonipa taabu. Na aliyelala kitandani, suruali imekunjwa mpaka pajani, goti limevimba, ni baba yake binti.

Nikainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akauambia ukuta.

Kwa siku nne nilikuwa mdomo wa watu wawili. Daktari anauliza maumivu yalianza lini, mimi namwuliza mzee, mzee anaujibu ukuta, mimi nampelekea daktari. Alipoziona sindano akauliza zina dawa gani. Nikamfasiria kwamba hazina dawa. "Sindano isiyo na dawa inatibu nini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, kwa sababu alidhani hata hilo nimelitunga mimi. Lakini siku ya tatu goti likaanza kukunjika. Siku ya nne alishuka kitandani peke yake, akatembea mpaka dirishani, akarudi. Akakaa. Akamtazama daktari kwa muda mrefu, jinsi anavyomtazama dume anayetaka kumnunua.

"Mwulize," akaniambia. "Mwulize kama kwao kuna treni inayopita chini ya ardhi na watu ndani."

Shahidi huyo hapo, nikawaza, Mungu ameniletea. Nikamwuliza daktari kwa Kichina changu bora kabisa. Daktari akafikiri, akatabasamu. Akasema yeye ni mtu wa kijijini, mkoa wa kusini, kwao wanasafiri kwa mashua na kwa miguu. Mji mkuu alipita siku mbili tu akija Afrika. Alisikia wanachimba chini. Kama treni inabeba watu au haibebi, hajui. Hajaiona.

Mzee alikuwa akinisubiri. Nilifungua mdomo.

"Anasema ipo," nikasema. "Anasema ameipanda."

Sikupanga. Ilitoka tu. Mimi niliyekuwa tayari kumkosa mke kuliko kuukana ukweli wangu, nimesema uongo kitandani kwa mgonjwa, na kwa kinywa cha mtu mwingine. Nilidhani yameisha. Lakini mzee akajisogeza mbele.

"Mara ngapi?"

Ikabidi nimwulize daktari kitu. Nikamwuliza mgonjwa ale nini. Daktari akajibu kwa kirefu, mboga, supu, asitembee na mzigo. Nikasema, "Mara mbili."

"Huko chini kunanuka nini?"

Nikamwuliza daktari kuhusu kulala. "Saruji iliyolowa," nikasema. "Na kabla ya treni kuja, upepo wake unatangulia."

"Watu hawaogopi?"

Nikamwuliza daktari kuhusu kuoga maji ya moto. Daktari alikuwa akinijibu kwa uso mwema, anahesabu kwa vidole, na mimi namfasiria mzee kumbukumbu zangu mwenyewe, moja moja. "Anasema alimwona mama mmoja na kikapu cha vitunguu, amesinzia."

Machozi yalimlenga mzee, akayafuta kwa kiganja kama jasho. Kisha akasema, "Amesinzia," kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa daktari. Akanyoosha mkono akanishika bega. Mwezi ule ule ng'ombe walivuka kutoka kwetu kwenda Didia, nami nikaoa.

Nilidhani nitafurahi tu. Na nilifurahi, jamani, sitaki kudanganya, miaka ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyoishi. Tulikaa kwenye nyumba ya reli yenye chumba kimoja na kibaraza, treni ya asubuhi ikitikisa vikombe kabatini, mke wangu akiianika michembe juu ya bati la jiko. Lakini kila nilipokwenda ukweni nilikuta baba mkwe anawasimulia watu treni ya Uchina. Mnadani, kwenye pombe, shambani wakati wa palizi. Aliisimulia vizuri kuliko mimi. Na kila mara alimalizia, "Daktari mwenyewe ameniambia, Mchina wa damu." Mimi nimekaa hapo hapo, naambiwa, "Eti mkwe, si ndivyo alivyosema?" Naitikia. Nilimwonea wivu daktari kwa maneno yangu mwenyewe! Daktari alipomaliza muda wake baba mkwe alimletea jogoo na kapu la michembe. Daktari akaniuliza kwa nini zawadi kubwa hivi kwa goti moja. Nikamwambia huku kwetu magoti tunayathamini.

Mke wangu nilimweleza mwaka wa pili. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. "Utamwambia lini?" akauliza. Nikasema nangoja siku nzuri. Nilitaka kumwambia, na si kwa ajili ya dhamiri tu. Nilitaka siku moja yule mzee aseme kwamba aliyeiona treni ni mimi. Mkwewe. Nilikuwa na watoto watatu, nimepandishwa cheo, mvi zimeanza, na bado nilikuwa na kiu hiyo kama yule mtoto aliyeona fisi wawili. Kila mwaka mke wangu aliniuliza, na kila mwaka nilikuwa na sababu.

Miaka ya themanini ilipokuwa inakaribia kwisha mzee akaugua, si goti tena. Tulimkuta Didia amelazwa chumba cha mbele, dirisha wazi, ng'ombe wanasikika nje. Njiani mke wangu alikuwa ameniambia, "Leo. Baadaye utajuta." Nikasema leo. Aliwatoa watu wote chumbani, akatoka na yeye.

Nikamsalimia, akaitikia. Nikavuta kigoda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliponitangulia.

"Uchina bado unaandika barua?"

Nikasema naam, mara moja moja.

"Mwandikie yule daktari." Alipumzika, akavuta pumzi. "Tangu mdogo wangu afukiwe mimi naogopa udongo. Hujui. Hata kisima sikuchimba, niliwaachia wengine. Nilikuwa nalala nikifikiri siku wataniweka humo. Ni mtu mzima, siwezi kumwambia mtu." Akanitafuta mkono, nikampa. "Daktari aliponiambia kuna mama amesinzia kule chini, woga ule ukaniacha. Tangu siku ile sikuuona tena. Sasa naenda, na siogopi. Mwandikie umwambie ni yeye aliyenitoa woga. Mwambie ahsante."

Nilikaa na mkono wake. Maneno yangu yalikuwa hapa, kooni, yote, na nilijua kwamba nikiyasema nitapata nilichokitaka miaka yote ile, na yeye ataingia ardhini na shaka. Mtu mwingine angeona ni rahisi. Kwangu haikuwa rahisi.

"Nitamwandikia, baba," nikasema. "Nitamwambia hivyo hivyo."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, akafumba macho.

Nikatoka nje. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya zizi akipepeta mahindi ambayo hayakuhitaji kupepetwa. Baba zake wadogo na majirani walikuwa wamekaa pale uani, wote wanatutazama.

"Umemwambia?" akauliza.

"Sijamwambia."

Nikamweleza aliyoyasema baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini, akanishika mkono mbele ya wakwe zangu wote na majirani, jambo ambalo pale kwao hatukuwahi kulifanya, na hakuuachia.